Difu ya Baba Mkwe

N. Mukhisa,
Mwalimu Mkuu Mstaafu,
Myanga, kupitia Bungoma.
20 Novemba, 1988.

Kwa Mzee Kipketer,
Barabara ya Moi's Bridge,
Kitale.

Mkwe wangu mheshimiwa,

KUH: MWENENDO WA MWANAO KIBIWOTT CHINI YA GARI LANGU

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na mama Chepchumba, pamoja na ng'ombe, na mahindi ambayo nasikia mwaka huu yamejaa ghala hadi mengine yanalala nje. Mimi pia ni mzima, isipokuwa asubuhi hii nilijipikia uji mwenyewe na ukaungua. Sababu ya mwalimu mkuu mzima kujipikia uji nitaieleza hapo mbele.

Nakuandikia kama mzazi kwa mzazi, wala si kwa hasira. Hasira ilikuwa kwenye barua ya kwanza, ambayo niliichana, na kidogo kwenye ya pili. Hii ni ya tatu, nayo ina haki tupu.

Kama unavyojua, mke wangu, Mama Edah, yuko kwako tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Alikuja kumwona binti yetu Edah, ambaye amemzalia mwanao mtoto wa kiume, mjukuu wetu wa kwanza. Tulipatana akae siku tatu. Leo ni siku ya kumi. Juzi nilimtuma utingo wa basi amuulize atarudi lini, naye akaniletea jibu hili, neno kwa neno: kwamba Mama Edah hatakanyaga Myanga mpaka mtu fulani ajifunze kuchagua oili na kusema ukweli.

Nimefikiri sana ni nani huyo mtu fulani. Nimepitia ushahidi wote kwa utulivu, vile nilivyokuwa nikifanya shuleni dirisha likivunjika, na sina budi kukuarifu kwa masikitiko kwamba ni mwanao Kibiwott. Makosa yake ni haya yafuatayo.

1. HESHIMA KUPITA KIASI

Alipokuja kumposa Edah, miaka minne iliyopita, wazee wetu walimweka chini wakamfundisha mila yetu. Walimwambia kwamba kwetu mume wa binti na mama wa binti hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawasemezani ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja huchepuka akaingia majanini. Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tulidhani, kwa kuwa yeye si wa kwetu, angefuata robo ya hayo na robo tatu angesahau, kama wafanyavyo vijana wetu wenyewe.

Mkwe, mwanao ametushinda. Kijana huyu ni fundi wa magari, ana gereji yake nyuma ya mtaa wa Kipsongo, na watu hutoka mbali kumtafuta. Nilipompa binti niliamini kwamba Pijo langu, ile pikapu ya zamani, limepata daktari wa bure. Kumbe hawezi kuingia chini ya gari ikiwa mama mkwe wake ameketi ndani. Hawezi ikiwa leso yake imeachwa juu ya kiti. Mwaka juzi alisimama nje ya boma langu nusu siku, spana mkononi, kwa sababu kikapu cha Mama Edah kilikuwa nyuma ya pikapu.

Kabla ya mwezi huu alikuwa ameingia chini ya gari hilo mara moja tu, nayo ni Krismasi iliyopita, Mama Edah alipokuwa kanisani. Alitoka huko chini uso umekunjamana, akaanza kusema habari za difu.

Kwa hiyo kosa la kwanza liko wazi. Angekuwa na adabu kidogo tu kama vijana wengine, angeingia chini ya gari kila mwezi, na difu ingekuwa hai leo.

2. KUSEMA UKWELI MBELE ZA WATU

Kwa vile wewe ni mtu wa ng'ombe, nikueleze. Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna gia zinazopokea nguvu ya injini na kuigawia magurudumu yote mawili. Gia hizo huishi ndani ya oili yake, si oili ya injini. Mpaka hapo mimi na mwanao tunakubaliana.

Siku hiyo ya Krismasi aliniambia hivi: "Baba, difu ya Pijo hii ya zamani si kama ya rori. Ndani kuna gia ya shaba. Ukiweka ile oili kari inanuka kama yai mbovu, itakura shaba yote. Na usichukue nzito ati kwa sababu ni nzito." Unaona hata ulimi umeshakuwa wa kwetu, amezoea nyumba. Shida si maneno. Shida ni kwamba aliyasema uani, jirani yetu Sally akiwa amesimama pale na maziwa yake, akisikiliza yote.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Ningefanya nini? Kama angenivuta kando akaninong'oneza, ningemkatalia faraghani, halafu kesho yake ningefanya kama alivyosema. Lakini baada ya Sally kusikia, sikuwa na njia ila kufanya kinyume. Mtu yeyote aliyewahi kuongoza shule atanielewa.

Mwezi uliopita nilikwenda Bungoma kununua oili ya difu, kwenye duka la spea la Gurmeet. Ni Singasinga mpole lakini ana maswali mengi. "Mwalimu, gari yako ni gani?" Kaunta ilikuwa imejaa watu, wawili kati yao wanafunzi wangu wa zamani, na mmoja alikuwa ananunua tairi za trekta. Nikasema ni lori. "Lori ya tani ngapi?" Nikasema saba. Akaweka makopo mawili juu ya kaunta, moja limeandikwa tisini na lingine mia na arobaini, namba za uzito wa oili, akasema, "Hapa lazima uangalie kitabu ya gari, Mwalimu. Mimi siwezi kujua kama wewe hujui."

Nichague! Mkwe, katika shule yangu hakuna mtoto aliyepata tisini akaitwa mbele kupewa zawadi, aliyepata mia na arobaini akabaki ameketi. Nilichukua mia na arobaini. Nilifungua kifuniko nikanusa, na ilinuka vibaya sana, nikaridhika, maana mimi dawa isiyo na harufu siiamini. Gurmeet aliniuliza mara ya mwisho kama nina hakika ni lori. Mteja hahojiwi hivyo, lakini Gurmeet nitamwandikia barua yake.

3. KUNIPAKA TOPE KWAMBA SITUNZI GARI

Mwanao amedai kwamba sijaangalia oili ya difu kwa miaka tisa. Idadi ni sahihi. Lakini hakuuliza kwa nini.

Tangu nilipolinunua gari hilo mwaka wa 1979, difu ilikuwa ikidondosha oili uani, tone baada ya tone, na kila asubuhi nilikuta doa jeusi pale pale. Doa lile lilinipa amani. Gari linalodondosha oili ni gari lenye oili, na sikuona haja ya kulifungua tumbo kuthibitisha. Kisha mwaka wa 1985 likaacha kudondosha. Asubuhi ya kwanza sikuamini. Asubuhi ya saba nilimwita Mama Edah aje aone mchanga ulivyo mkavu, nikamwambia Pijo limepona lenyewe. Tulichinja jogoo. Kibiwott alikuwepo, alikula paja.

Na huyo huyo, Krismasi iliyopita, ananiambia kwamba liliacha kudondosha kwa sababu hapakuwa na kitu cha kudondoka tena. Kama alijua hivyo, paja alilila kwa nini?

Aliongeza kwamba beringi zinalia, na kwamba breki ya mkono ilikufa zamani. Kuhusu beringi sijui. Breki ya mkono ninayo. Ni debe moja zito alilolisahau mwenyewe nyuma ya pikapu siku hiyo hiyo. Kila nikiegesha gari huliweka chini ya gurudumu, na kwa miezi kumi na moja halijateleza hata siku moja. Sasa limejaa matope hata rangi yake siikumbuki. Nataka iandikwe kwamba debe hilo ndilo msaada pekee ambao mwanao amewahi kuupa gari langu, nao aliutoa kwa bahati mbaya. Oili hakunipa. Alinipa maneno tu.

4. KUTOKUWEPO NILIPOMHITAJI

Nilimwaga makombo yaliyokuwa humo, nikaweka ile mia na arobaini kwa mikono yangu. Wiki ya kwanza difu ilinong'ona. Wiki ya pili ikawa inaimba. Wiki ya tatu watu wa kanisani walikuwa wakisimama kwa wimbo wa kufungua ibada wakinisikia nikipita sokoni. Mama Edah aliuliza ni nini. Nilimwambia ni barabara. Akauliza tena tulipokuwa kwenye lami. Nikamwambia ni upepo.

Hapa ndipo fundi wa ukoo angehitajika. Yeye alikuwa wapi? Kitale, akitengeneza magari ya watu wengine, ambao mama mkwe wao hakai ndani. Sikuwa na mtu wa kumuuliza ila muuza magari makuukuu wa pale sokoni, ambaye aliniambia jambo wanalolijua wote wanaouza magari yenye kelele: "Weka ndizi, Mwalimu. Ziwe mbivu kabisa. Hata mnunuzi akiweka sikio hapo hatasikia kitu."

Sasa, mkwe, nyumbani palikuwa na ndizi. Mama Edah alikuwa amezivundika ghalani, zile fupi tamu ambazo Edah alizipenda tangu akiwa mtoto, ili amletee huko kwako baada ya kujifungua. Kila jioni alikuwa akienda kuzibonyeza kwa kidole. Mimi nilichukua nane. Nasema nane, si kichane kizima kama inavyosemwa. Nikazimenya, nikaziponda, nikazipitisha kwenye tundu la difu kwa fimbo.

Nilikusudia kumwambia. Lakini kabla sijafungua kinywa aligundua hazipo, na kabla sijakifungua mara ya pili alikuwa ameshakata shauri kwamba ni Sally, kwa sababu Sally alikuja asubuhi hiyo kuazima ungo. Akaenda kwenye ua akamwambia. Sally alilia. Tangu siku hiyo hawajaamkiana, na maziwa aliyotuletea miaka kumi na miwili hayaji tena. Ningesemaje? Wanawake wawili wakiwa wanazungumza, mwanamume haingilii.

Ila ukweli usemwe: difu ilinyamaza. Kwa siku mbili nzima ilinyamaza kabisa. Jambo hilo Kibiwott hajalitaja popote.

5. UONGO WA KITAALAMU

Alhamisi tulitoka Myanga alfajiri na mapema. Tulikuwa na unga, kuku wawili, na shuka za mtoto. Mama Edah alinyamaza mpaka Webuye kwa uchungu wa kwenda kwa mzazi mikono mitupu, maana kwake bila ndizi zile mikono ilikuwa mitupu. Tulipopita Kamukuywa akasema, "Nasikia harufu ya ndizi inakaangwa." Nikamwambia kuna hoteli karibu. Akatazama huku na huku, mahindi matupu.

Kabla ya kufika sokoni Kiminini, magurudumu ya nyuma yalikwama yote mawili kwa kishindo. Nilimtuma mtu wa baiskeli kwenda Kitale, na baada ya saa mbili Kibiwott akaja na trekta ya kuazima pamoja na dereva wake, ameleta na difu nyingine aliyoitoa kwenye Pijo lililokufa.

Sitamnyima sifa. Alisimama mbali akakohoa. Kisha akachukua gunia, akalivaa kichwani mpaka mabegani ili asimwone mama mkwe wake, akatambaa kinyumenyume mpaka chini ya gari. Mama Edah alikaa ndani, ametazama mbele, amejifunika leso. Watu wa Kiminini walijaa. Nusu walisema ni mwizi anafichwa, nusu wakasema ni kafara. Na kwa kuwa wawili hao hawasemezani, nilisimamishwa katikati, kati ya mlango na gurudumu, kubeba maneno kutoka huku kwenda kule. Miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkwe, na nikageuzwa simu.

Alifungua nati ya chini. Kilichotoka sitakieleza kwa urefu. Kilikuwa cheusi, kikafuatwa na cha manjano, na ndani yake chembe za shaba zikimetameta. Watu wakarudi nyuma. Mama Edah akaniambia, "Murize huyo fundi, ni nini imetoka?"

Nikauliza. Gunia likainuliwa usoni, likashushwa tena. Halafu likasema, "Mwambie Mama ni grisi ya zamani. Imeoza tu."

Hilo ndilo kosa la tano, na ni zito. Fundi mwenye cheti ametazama ndizi mbivu kwa macho yake mawili akasema ni grisi. Ama haijui kazi yake, ama alidanganya. Na kama alidanganya, alidanganya kwa faida ya nani? Swali hilo sitaliuliza katika barua hii.

6. KUOMBA SPANA

Baadaye gunia likaomba spana ya kumi na saba. Spana zangu hukaa chini ya kiti cha abiria. Nikasema haihitajiki. Akasema inahitajika. Nikasema ajaribu ya kumi na sita. Akasema, "Baba, si unajua kumi na sita haishiki hapa." Mama Edah, kwa wema wake, akajiinua na kuinua kiti.

Chini ya kiti kulikuwa na maganda.

Siku ile nilipokuwa naziponda nilisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, nikayasukuma pale kwa muda. Muda huo ukawa mrefu. Aliyatoa moja moja, akayapanga mbele ya kioo cha gari. Yalikuwa kumi na mawili. Mimi nilisema nane, na nane ndiyo idadi ninayoikumbuka. Tofauti hiyo bado naichunguza.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisema tu, polepole, "Kumbe Sarry hakuiba." Kisha akashuka, leso usoni, akaelekea kwenye trekta. Lakini alipofika kwenye miguu ya mwanao iliyojitokeza chini ya gari, alisimama. Akasema, si kwangu, wala kupitia kwangu, bali kwa ile miguu yenyewe: "Asante, mwanangu."

Miaka minne hawajapeana neno. Mila nzima, aliyoishika kijana yule kuliko sisi wenyewe, ikavunjwa na mke wangu mbele ya watu wa Kiminini, kwa ajili ya spana ya kumi na saba. Nani alaumiwe, kama si aliyeiomba?

7. KUTENGENEZA GARI VIZURI MNO

Kosa hili la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Mama Edah alipelekwa kwako na trekta. Kibiwott alibaki, akafunga ile difu nyingine, akaijaza oili, akatoka chini akiwa bado amevaa gunia ingawa mama mkwe wake alikuwa ameshaondoka kitambo. Nadhani hakutaka kunitazama mimi. Aliniambia kutoka ndani ya gunia, "Baba, hii sasa iko na oili yake. Baada ya mwezi umwage, uweke ile ingine." Ile nyingine ipi, hakusema, nami sikuuliza, maana nilikuwa na haraka.

Niliendesha mpaka njia panda ya kwako. Gari lilikuwa kimya. Halikuimba, halikunguruma, breki zilishika. Nilisimama pale injini ikiwa hai, nikaona bati la nyumba yako na nguo za mtoto zimeanikwa kwenye kamba. Nilitaka sana kuingia. Kisha nikafikiria maganda kumi na mawili, nikageuza gari.

Mjukuu wangu wa kwanza sijamwona, mkwe. Utingo anasema watu wanasema ana masikio yangu. Kama Kibiwott angelitengeneza gari vibaya kidogo tu, lingezimika pale pale mlangoni kwako, na ningelazimika kuingia. Kwa ustadi wake ameninyima mjukuu.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Kibiwott aandike kwa mkono wake kwamba difu ilikufa kwa uzee, na barua hiyo isomwe mbele ya mke wangu.

(b) Atoe kondoo dume mmoja kwa kosa la kutazama ndani ya difu ya baba mkwe wake. Mila yetu haina kifungu hicho, lakini nimekiandika jana, na wazee wakikutana nitawasomea.

(c) Iongezwe katika mila kwamba mama mkwe asiinue kiti cha gari mkwe wake akiwa chini yake.

(d) Mke wangu arudishwe Myanga, kwa kuwa ni shahidi muhimu katika shauri hili na nyumba haina mtu wa kuzungumza naye. Kuku wanatafuta sauti yake. Jioni naketi upande wangu wa meza, na upande wake naweka kalenda ili usiwe mtupu. Sitaki uelewe hili kuwa ni ombi. Ni taratibu za shauri tu.

Namalizia hapa, nikiamini kwamba wewe, mtu mwenye busara na ng'ombe wengi, utapima jambo hili kwa uzito wake. Msalimie mama Chepchumba, umshukuru kwa kumpa mke wangu mahali pa kulala, ingawa anampa vizuri mno. Msalimie Edah, umwambie ale. Mpe mtoto salamu zangu katika lugha yoyote. Msalimie na Kibiwott, popote anapojificha sasa, maana kwa siku kumi mama mkwe wake akiwa uani kwenu nadhani amehamia ghalani.

Ni mimi mkwe wako, katika usahihi na subira,

N. Mukhisa.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshailamba bahasha, nimepanda gari ili niipeleke posta, nikasahau kuondoa debe chini ya gurudumu. Gari lililipanda likalipasua. Oili nyeupe, laini, isiyo na harufu, ilimwagika kidogo uani, pale pale palipokuwa na lile doa la zamani. Niliinua debe nikalifuta kwa mkono. Limeandikwa kwa rangi, kwa herufi kubwa za mwanao: BABA. OILI YA DIFU YA PIJO. HII TU. K.

Miezi kumi na moja, mkwe. Kila siku nimeliinamia.

Mtu fulani si mwanao.

Nimekwenda kwa Sally. Nilisimama kwenye ua nikamwambia yote, ndizi kumi na mbili, si nane. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akalia tena kidogo, kisha akanipa maziwa. Nimehamishia kwenye chupa safi oili iliyobaki, na yatosha kwa mwezi ujao. Kondoo niliyemdai nitamleta mimi mwenyewe Jumamosi, na nitamkabidhi Kibiwott mkononi, bila gunia, kama ataniruhusu nimwone uso.

Ningeandika barua upya, lakini karatasi zimekwisha. Kwa hiyo nakuomba umsomee Mama Edah tanbihi hii peke yake, na kurasa zile nyingine uwashie moto. Mwambie kwamba Sally amenipa kichane cha ndizi mbivu nimletee Edah. Alitaka kujua nitakuja na nini. Nikamwambia nitakuja na Pijo. Akazichukua ndizi mkononi mwangu, akasema, "Na basi, Mwarimu, ama nizirudishe ghalani." Nitakuja na basi, nimezipakata.